Mzee Hatembei kwa Kutishwa

Kuna imani iliyoota mizizi katika zahanati zetu, redioni, na hata sebuleni tunapokaa na wazazi wetu: kwamba mtu aliyevuka miaka 60 haanzi mazoezi mpaka aogope. Mpaka presha isome 180, mpaka aambiwe sukari imepanda, mpaka mwenzake wa rika moja aanguke bafuni asiinuke tena. Kwa hiyo, wanasema wenye imani hiyo, kazi iliyobaki ni kumtisha vizuri. Aonyeshwe picha ya mguu uliokatwa. Atajiwe kiharusi. Akishaogopa, atatembea mwenyewe.

Nasema si kweli. Na kwa kuwa imani hiyo ndiyo inayoongoza sehemu kubwa ya mahubiri yetu ya afya kwa wazee, inatugharimu. Hofu humfikisha mzee dukani akanunua raba. Kuzivaa asubuhi ya wiki ya sita, manyunyu yanadondoka na goti linauma, ni kazi nyingine, na hofu haiiwezi. Kinachomtoa mzee ndani siku ya kwanza na kumrudisha uwanjani mwezi wa sita ni mambo mawili: watu wanaomngoja, na jambo ambalo bado anataka kulifanya kwa mwili wake mwenyewe. Mengine yote ni nyongeza.

Tuanzie kliniki, maana huko ndiko imani hii inakolelewa. Siku ya presha na sukari benchi limejaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mama anaitwa, anafungwa mkanda mkononi, mashine inajaa upepo, namba zinaandikwa kwenye daftari lake. "Mama, presha bado iko juu. Punguza chumvi, punguza mafuta, fanya mazoezi. Usipofanya utapata kiharusi. Dawa kachukue dirisha la pili. Anayefuata!" Dakika tano hazijatimia. Mama anatoka na dawa mkononi na agizo la mazoezi lisilo na mahali, saa wala mtu. Afanyie wapi? Barabara ya mtaani kwake haina njia ya waenda kwa miguu, na bodaboda hazichagui upande. Saa ngapi? Alfajiri kuna mbwa na vibaka. Jua likitoka ana wajukuu wa kuwaandaa waende shule. Avae nini, afuatane na nani? Hakuna aliyemuuliza. Baada ya miezi mitatu anarudi na namba zilezile, na nyuma ya meza mtu anaguna: wazee wetu wabishi, hawaelimiki.

Mama yule hakukosa elimu. Huenda amemuuguza mume aliyepooza upande mmoja, amemgeuza kitandani usiku na mchana, na kiharusi anakijua kuliko kijana anayemtajia. Hofu anayo ya kutosha. Alichokosa ni pa kwenda nayo.

Wako waliolipima jambo hili kwa utulivu wa maabara. Mwaka 2014 watafiti Nanna Notthoff na Laura Carstensen, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watu wazima wa rika mbalimbali. Baadhi waliambiwa mazuri yanayopatikana kwa kutembea. Wengine wakaonywa mabaya yanayompata asiyetembea. Kwa wazee, walioambiwa mazuri walitembea zaidi kuliko walioonywa. Carstensen amekuwa akieleza sababu kwa miongo kadhaa: mtu akihisi kwamba muda uliobaki mbele yake si mwingi, moyo wake huacha kukimbizana na hatari za mbali, hushika yale yenye maana leo na watu anaowapenda. Ukimwambia mtu wa miaka 72 kwamba asipotembea atakufa mapema, moyoni anakuuliza: mapema kuliko nani? Amezika wazazi, amezika ndugu, pengine amezika na mtoto. Kifo si mgeni kwake. Ukimwambia akitembea ataweza kwenda harusini kwa mjukuu bila kushikwa mkono, amekuelewa.

Hapo watetezi wa hofu wana jibu lao, na si jibu dogo. Wanasema: waulizeni wazee wenyewe. Ukimkuta mzee anatembea barabarani alfajiri ukamuuliza kilichomtoa, mara nyingi atakujibu, "Daktari kaniambia." Je, huo si ushahidi kwamba ugonjwa ndio uliomwamsha?

Jibu hilo tulisikilize kwa makini, maana lina mengi ndani yake. Katika jamii yetu mtu mzima hana ruhusa ya kufanya jambo la mwili kwa sababu tu analipenda. Bibi wa miaka 65 akitoka kwake amevaa traksuti, mtaa mzima unageuka: huyu vipi, anatafuta mchumba? Babu akianza kukimbia, watoto wanamfuata wakicheka na watu wazima wanaulizana kama yuko sawa kichwani. Lakini akisema daktari kamwagiza, vinywa vinafungwa. Agizo la daktari ni kibali, na wazee wetu, ambao wanajua kuishi na watu, wanakitumia ipasavyo. Sisi tunasikia kibali tunakiandika kuwa sababu, kisha tunajenga juu yake kampeni nzima. Ukitaka kujua sababu, acha kuuliza alianzaje. Tazama kinachomfanya asiache.

Nenda ukaone vikundi vya mbio za pole vya Dar es Salaam, vile ambavyo kila mtu anaviita "jogging". Jumapili kabla jua halijachomoza utawakuta Temeke, Mbagala, Kinondoni, na wengine wakielekea Coco Beach, wamevaa fulana za rangi moja, mmoja mbele anaanzisha nyimbo na wengine wanaitikia. Vijana ni wengi, lakini angalia safu za nyuma: wapo akina mama watu wazima, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, wanakwenda kwa mwendo wao bila kuona haya, kwa sababu wako ishirini na mtaa hauwezi kuwacheka watu ishirini. Kikundi kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kina daftari la mahudhurio na mchango wa mwezi. Mwanachama akifiwa, wenzake wanafika na rambirambi. Akiugua wanakwenda kumjulia hali. Na akikosa Jumapili mbili mfululizo, simu inalia: "Mama mbona kimya, unaumwa?" Simu hiyo inamshinda daktari yeyote. Hakuna kipeperushi cha kiharusi kinachomfuata mtu nyumbani kumuuliza kwa nini hakuonekana.

Mazoezi yenyewe yakiisha utaona jambo jingine. Hawatawanyiki. Wanakaa chini ya mti, kuna chai ya tangawizi, kuna mihogo, habari za mtaa zinapita. Mwenye haraka ya kusema huko ni kupoteza muda hajaelewa kinachoendelea. Kwa mjane ambaye watoto wameoa na kuolewa wakahama, ile saa ya chai ndiyo iliyomwamsha saa kumi na moja. Mbio ni nauli tu.

Tuvuke mpaka. Huko Korogocho, Nairobi, kuna wanawake wazee wanaojifunza kupiga ngumi, mateke na viwiko, wakapewa jina la Shosho Jikinge. Wanachuchumaa, wanainuka, wanarusha mikono, wanapiga kelele kwa pumzi zote: mazoezi ambayo kliniki nyingi zingeona ni makali mno kwa umri wao. Hawakuja kwa sababu ya lehemu kwenye damu. Walikuja kwa sababu wabakaji wanawalenga wanawake wazee kwa kudhani hawana nguvu za kupigana. Mtu anaweza kusema, basi hiyo nayo ni hofu. Ndiyo, lakini itazame inaelekea wapi. Hofu ya kiharusi inamwambia mzee mwili wako umekusaliti. Mafunzo ya Korogocho yanamwambia mwili wako bado ni silaha yako. Ya kwanza inamkalisha kitini, ya pili inamsimamisha.

Kule Limpopo, Afrika Kusini, kuna timu ya mabibi wanaocheza mpira wa miguu, Vakhegula Vakhegula. Mwanzilishi wake, Beka Ntsanwisi, alikuwa amepambana na saratani, na nia yake ya mwanzo ilikuwa afya, hilo sitalificha. Lakini afya peke yake isingewapandisha ndege. Mwaka 2010 mabibi hao walisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kucheza katika mashindano ya maveterani. Mtu havuki bahari kwenda kushusha presha. Kila bibi alikwenda kwa sababu ana jezi, ana namba mgongoni, ana mlinda mlango anayemgombeza asiporudi kukaba.

Na alikuwepo Fauja Singh, ambaye watu hupenda kumtaja kama muujiza na kuishia hapo. Pasipoti yake ilionyesha alizaliwa 1911 huko Punjab, India. Mke alifariki, kisha mwanawe naye akafariki mwaka 1994, na mzee akahamia Uingereza kuishi na mwana mwingine akiwa na majonzi yasiyosemeka. Huko ndiko alikoanza kukimbia kwa dhati. Alikimbia London Marathon mwaka 2000 akiwa na miaka 89, na mwaka 2011 akamaliza marathoni ya Toronto akihesabiwa kuwa na miaka 100. Wapo wanaobishia umri wake kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, tuwaachie hilo. Ninachokitazama ni kilichomwamsha. Hakufukuzwa na ugonjwa. Alikuwa na msiba usiokuwa na pa kutulia, akaupeleka barabarani.

Turudi pwani kwetu, kwenye mambo ambayo takwimu za hospitali hazina safu ya kuyaandika. Ingia msikitini wakati wa adhuhuri utazame viti vilivyopangwa pembeni. Kila kiti kina mzee ambaye magoti yamemkatalia sijda. Zamani alikuwa safu ya kwanza. Sasa anainamisha kichwa tu, na wenzake wanashuka wanamwacha juu. Mwulize mzee huyo anataka nini. Hatakuambia anataka kupunguza uzito kwa kilo tano. Atakuambia anataka kupeleka paji la uso chini na kuinuka bila kushika ukuta. Hilo ni lengo la mazoezi lililo wazi kuliko yote yaliyobandikwa kwenye kuta za kliniki, na mtaalamu wa viungo anajua la kufanya nalo: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara chache leo, mara nyingi zaidi wiki ijayo, kisha kiti kifupi zaidi, na kuendelea hivyo. Misuli ya mapaja ndiyo hiyohiyo inayohitajika kwenye choo cha kuchuchumaa, kwenye ngazi ya daladala, na kwenye kumnyanyua mjukuu anayelia.

Au mtazame mzee aliyejaaliwa nafasi ya Hijja. Kuanzia Safa hadi Marwa ni kama mita 450, na mwendo huo ni mara saba, yaani zaidi ya kilomita tatu, achilia mbali tawafu na umbali wa Mina. Mzee ambaye kwa miaka kumi aliambiwa atembee kwa ajili ya sukari asitembee, akishapata nafasi hiyo utamwona kila jioni anazunguka mtaa na kobazi zake, anahesabu mizunguko. Magoti ni yaleyale, na umri umeongezeka. Kilichobadilika ni kwamba sasa anakwenda mahali.

Hiari yashinda utumwa, wahenga walimaliza. Lakini nisieleweke kwamba ni suala la hisia tupu. Faida ya mwili ipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake huko Boston waliwapa mazoezi ya kuinua uzito wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, watu wa miaka kama 90. Baada ya wiki nane, nguvu za miguu za waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa LIFE, uliowafuatilia watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 kwa zaidi ya miaka miwili. Nusu walipewa programu ya kutembea na kuimarisha viungo, wakikutana kituoni mara mbili kwa wiki na kuendelea nyumbani. Nusu walipewa semina za elimu ya afya. Kipimo kilikuwa kutembea mita 400 bila kukaa wala kusaidiwa, umbali wa kwenda gengeni na kurudi. Waliopoteza uwezo huo upande wa semina walikuwa asilimia 35.5, upande wa mazoezi asilimia 30.1. Kwa hiyo tuseme wazi: semina ni kitu ambacho sisi tunacho tele. Watu wa kukutana nao mara mbili kwa wiki ndio hatuna.

Kabla ya kulaumu serikali, tujitazame sisi watoto. Mzee anapanda kilima kwenda shambani Rombo, anakata majani ya ng'ombe, anachota maji. Tunaona haya: watu watasema tumemtelekeza. Tunamleta mjini. Tunamkalisha kwenye sofa, tunamwashia televisheni, na kila akinyanyuka tunaruka: "Mzee kaa, utaletewa." Fagio ananyang'anywa, jembe hakuna, hata kikombe chake kinaoshwa na dada wa kazi. Tunaita heshima. Baada ya miaka miwili mtu aliyekuwa anapanda kilima anashindwa ngazi za ghorofa moja, nasi tunamnunulia baiskeli ya mazoezi ambayo mpaka mwezi wa pili imekuwa ya kuanikia taulo. Tumemnyima kila sababu ya kutumia mwili, kisha tunashangaa kwamba hataki kukanyaga pedali zisizompeleka popote.

Kwa upande wa serikali, nia haijakosekana. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Watanzania kufanya mazoezi ya pamoja Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Zanzibar kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hutembea na viongozi wakuu. Kigali tangu 2016 barabara kadhaa hufungwa kwa magari Jumapili zilizopangwa, watu wakatembea bila kutazama nyuma. Hayo ni mema, hasa la Kigali, kwa kuwa linampa mzee njia. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu wa miaka 65 na zaidi anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kuweka mwili sawa asianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Bonanza la mara moja kwa mwezi, lenye hotuba na fulana mpya, haliwezi kuubeba mzigo huo. Utabebwa na kikundi cha mtaani, na kikundi cha mtaani hakihitaji hotuba. Kinahitaji uwanja ambao haujauzwa, taa ya barabarani, na mjumbe asiyewauliza akina mama kibali cha kukusanyika.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili. Ugonjwa ukishabisha hodi, mtu huamka. Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi kwa hatua chache, au aliyewahi kupata kiharusi, lazima aonane na daktari kabla ya kuanza, na neno la daktari hapo ni dhahabu. Lakini mshtuko hupoa. Baada ya wiki chache mzee anazoea namba zake, dawa zinamtuliza, na kama hajapata wenzake wala lengo, amerudi kwenye kiti. Daktari anaweza kufungua mlango. Kazi ya kutembea naye si yake, na hana muda nayo.

Basi hukumu yangu ni hii. Kila muuguzi wa kliniki ya presha aache kuuliza "Unafanya mazoezi?" aanze kuuliza "Mama, kitu gani ulikuwa unakifanya mwaka jana ambacho sasa hukiwezi, na unakitaka?" Ukutani, badala ya picha ya mguu uliokatwa, yabandikwe majina ya vikundi vya mazoezi vya kata ile, siku wanazokutana na namba ya katibu. Misikiti na makanisa, ambayo tayari yana wazee, viwanja na ratiba, yatenge nusu saa baada ya ibada.

Na wewe msomaji, ambaye wiki hii umemtumia mama yako kwa WhatsApp video ya mtu aliyepooza ukidhani umemsaidia: acha. Ameiona, ameogopa, na bado amekaa. Usimwambie atembee. Mwambie utampitia Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, kisha umpitie kweli, na Jumamosi inayofuata pia.